Uso wa Kuazima: Je, Mcha Mungu Aweza Kuigiza Mwovu?

Wiki chache kabla ya Ramadhani nilipokea barua kutoka kwa rafiki yangu wa zamani, ambaye tulisoma pamoja Tabora tulipokuwa vijana. Baada ya salamu alinieleza shida iliyoingia nyumbani kwake. Mwanawe mwenye umri wa miaka 19, kijana asiyekosa sala, amemaliza masomo ya sekondari na sasa asema ataka kujiunga na kikundi cha michezo ya kuigiza, na Mungu akipenda, aingie katika filamu. Baba alipomkataza, kijana hakupandisha sauti. Alimjibu kwa adabu akasema: "Baba, Mahershala Ali ni Muahmadiyya kama sisi. Aliposhinda tuzo kule Marekani, mimi nilikuwa darasa la tano, na nyinyi wazee mlitutangazia habari hiyo kwa furaha baada ya sala. Ikiwa kazi yake ni haramu, mbona mlifurahi? Na ikiwa mlifurahi kwa haki, mbona mimi nakatazwa?"

Rafiki yangu akamalizia: "Sheikh, nijibie swali hili, maana mimi nimeshindwa."

Ndugu wasomaji, mimi nami nilishindwa. Na sababu ya kushindwa kwangu haikuwa ugumu wa swali tu. Mwaka 2017 mimi mwenyewe nilisimama mbele ya wanafunzi wangu, katika chuo cha dini ninakofundisha huku ng'ambo, nikawapa habari ile kwa tabasamu, na wiki hiyo hiyo nikawafundisha somo la kujiepusha na upuuzi wa majumba ya sinema. Hakuna mwanafunzi aliyeniuliza. Kijana wa Tabora ndiye aliyeniuliza, miaka mingi baadaye, kupitia kwa baba yake. Haya niandikayo ni jaribio la kumjibu, na kujijibu mwenyewe.

Mtu mwenyewe ni nani?

Yafaa kwanza tumjue mtu tunayemzungumza. Mahershala Ali alizaliwa tarehe 16 Februari, 1974, mjini Oakland, California, akakulia Hayward. Mama yake ni mchungaji wa Kikristo, na jina alilompa mwanawe ni la mtoto wa Nabii Isaya, ambalo husemwa kuwa ndilo refu kupita yote katika Biblia. Baba yake alikuwa mcheza ngoma wa majukwaani. Kijana huyu alisoma katika chuo cha St. Mary's huko California kwa msaada uliotokana na ustadi wake wa mpira wa kikapu, kisha akasomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha New York, akamaliza mwaka 2000.

Ni katika siku zile za masomo kwamba Mwenyezi Mungu alimfungulia mlango. Mwishoni mwa mwaka 1999 alikwenda msikitini, na mwenyewe amesimulia kwamba aliposikia sala ikisomwa kwa lugha asiyoifahamu, alilia. Siku chache baadaye akasilimu, na akaja kuwa mfuasi wa Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya. Akaliacha jina la ukoo la Gilmore, akachukua jina la Ali.

Alifanya kazi miaka mingi bila kujulikana sana, katika michezo ya televisheni na sehemu ndogo ndogo za filamu. Kisha ikaja filamu iitwayo Moonlight ya mwaka 2016, ambamo aliigiza mwuza madawa ya kulevya wa Miami anayemwonea huruma mtoto aliyeachwa pweke. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Oscar tarehe 26 Februari, 2017, na magazeti ya dunia yakaandika kuwa ndiye mwigizaji Mwislamu wa kwanza kuipata. Miaka miwili baadaye akaipata tena, kwa filamu ya Green Book ya mwaka 2018, ambamo aliigiza mpiga piano Don Shirley.

Basi huyu ndiye mtu, na hizo ndizo kazi zake. Swali la kijana wetu linagawanyika katika matatu: Je, kuigiza si kusema uongo? Je, kuigiza uovu si uovu? Na je, sifa ya mtu mmoja ni sifa ya dini yake?

Kuigiza na kusema uongo

Wako wasemao kwamba mwigizaji hutoka nyumbani asubuhi kwenda kusema uongo, kwani hujiita kwa jina lisilo lake, hulia bila msiba na hucheka bila furaha. Hoja hii si ya kupuuzwa. Katika Hadithi Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. amemwonya vikali mtu asemaye uongo ili kuwachekesha watu.

Lakini uongo ni nini? Ni kumfanya mwenzako aamini jambo ambalo wewe wajua kuwa si kweli. Sote tuliolelewa na bibi zetu twakumbuka desturi ya ngano. Msimulizi husema, "Paukwa!" na watoto hujibu, "Pakawa!" Maneno hayo mawili ni mkataba. Bibi husema: sasa naingia katika kisa, na watoto hujibu: tumekubali. Baada ya hapo sungura akizungumza na simba, hakuna mtoto aliyedanganywa. Hali kadhalika mtu anayekata tiketi, akakaa gizani mbele ya pazia, amekwisha kuitikia "Pakawa".

Lakini ngano ni jambo moja, na habari za mtu aliyeishi kweli ni jambo jingine. Hapa mkataba hulegea, na hapa ndipo Mahershala Ali mwenyewe alipopata mtihani. Filamu ya Green Book yasimulia safari ya mwaka 1962, ambapo mpiga piano huyo mweusi alizunguka majimbo ya kusini ya Marekani akiendeshwa na dereva mzungu, Tony Vallelonga. Jina la filamu latokana na kitabu cha mwongozo kilichoanzishwa na Victor Green mwaka 1936, kilichowaonyesha wasafiri weusi nyumba za kulala na mahali pa kula ambapo hawangefukuzwa. Don Shirley alifariki mwaka 2013. Filamu ilipotoka, jamaa zake walilalamika kwamba haikumwonyesha ndugu yao jinsi alivyokuwa, hasa ilipomfanya aonekane kama mtu aliyejitenga na ukoo wake na watu weusi wenzake.

Mwigizaji alifanya nini? Hakuyaandika yeye yale maneno, na angeweza kuwaelekeza walalamikaji kwa walioyaandika. Badala yake aliwapigia simu jamaa wa marehemu, akawaomba radhi ikiwa amewaumiza, akaeleza kuwa alifanya awezavyo kwa maandiko aliyopewa, na kwamba hakujua kuwa wako jamaa wa karibu ambao angeweza kuwauliza. Habari hiyo ilitoka kwa jamaa wenyewe. Miezi michache baadaye alipewa tuzo kwa kazi ile ile aliyoiombea radhi.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: kuigiza si uongo maadamu mkataba u wazi. Lakini anayevaa uso wa mtu aliyeishi amepokea amana ya mtu asiyeweza tena kujitetea, na akikosea, deni lake ni kwa wafiwa.

Kuigiza uovu

Swali la pili ni zito zaidi. Je, mcha Mungu aweza kuvaa uso wa mwuza sumu, au wa mwuaji, akala mkate wake kwa kazi hiyo?

Mwishoni mwa Sura ya Ash-Shuara, Kurani Tukufu yawakemea washairi wanaotangatanga katika kila bonde na kunena yale wasiyoyatenda. Lakini mara moja yawatoa katika lawama hiyo wale walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka sana Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana Mtukufu Mtume s.a.w. hakumnyamazisha Hassan bin Thabit r.a., bali alimwekea mimbari msikitini asome mashairi yake. Nasi Waswahili tuna ushahidi wetu: Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwanafunzi wa dini na mbashiri, ndiye aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, na utunzi haukumzuia kuwa mcha Mungu. Kwa hiyo sanaa yenyewe haikuhukumiwa. Kinachohukumiwa ni moyo wa msanii na njia anayoipita.

Aidha, Kurani yasimulia maovu. Katika Sura Yusuf twasimuliwa habari za mwanamke aliyefunga milango akamtaka kijana wa watu. Jambo lenyewe latajwa bila kufichwa, lakini hakuna msikilizaji anayetoka katika kisa kile akiutamani ule uovu. Anatoka akiutamani usafi wa Yusuf a.s. Hiki ndicho kipimo cha kwanza: si kama uovu umeonyeshwa, bali mtazamaji anaondoka akipenda nini.

Katika Moonlight iko sehemu ambayo hata watu wasio na dini wameizungumza sana. Mtoto yule anamwuliza yule mwanamume kama yeye huuza madawa, kisha anamwuliza kama mama yake hutumia madawa hayo. Mtu mzima yule anakiri, na anainamisha kichwa. Hakuna mahubiri yanayotolewa pale, lakini nani aondoke mbele ya picha ile akitamani kuwa mwuza madawa? Uso wa mwovu, ukivaliwa na mtu mwenye haya, waweza kufundisha haya.

Hata hivyo kipimo hicho kimoja hakitoshi, na hapa namwomba kijana wetu anisikilize vizuri. Kuna vitendo ambavyo mwigizaji huvionyesha bila kuvitenda. Anayeigiza kuua hakuua mtu, kwani aliyeanguka atainuka na kwenda kunywa chai. Anayeigiza kuiba hakupunguza mali ya yeyote. Lakini viko vitendo vingine ambavyo haiwezekani kuvionyesha bila kuvitenda. Anayeigiza kuvua nguo, amevua nguo. Anayeigiza kumkumbatia mke asiye wake, mikono yake imemkumbatia kweli, na wala ngozi haijui kwamba huu ni mchezo. Hapo nia haibadilishi kitendo, kwa kuwa kitendo kimekwisha kutendeka. Mpaka wa mwigizaji mwenye dini uko hapo, na nijuavyo mimi, ni mpaka ambao biashara ya filamu humsukuma mtu auvuke kila siku.

Je, ndugu yetu wa Marekani ameulinda mpaka huo siku zote? Filamu hizo zina mambo ambayo sitawashauri wanangu wayatazame. Mimi mwenyewe nimeitazama Green Book nzima, na ya Moonlight nimetazama sehemu tu. Lakini mimi si kadhi wake. Hesabu yake iko kwa Mola wake, kama ilivyo yangu, na mwalimu anayefurahia tuzo mbele ya wanafunzi huku akikataza sinema ana hesabu yake pia ya kujibu.

Katazo la 1934

Wazee watanikumbusha kwamba mwaka 1934, Khalifa wa Pili wa Masihi r.a. alipoanzisha Tahrik Jadid, aliwaagiza Waahmadiyya waishi maisha ya kawaida, wale chakula chepesi, wavae nguo zisizo za fahari, na wajiepushe na majumba ya sinema na michezo ya jukwaani. Je, agizo lile limefutwa na tuzo ya Marekani? Hasha!

Tuzingatie maana yake. Jumuiya ilikuwa maskini, ikizungukwa na maadui, na kila senti ilihitajiwa kupeleka wabashiri katika nchi za mbali. Sheikh Mubarak Ahmad aliyefika Afrika Mashariki mwaka huo huo wa 1934 ni ushahidi wa juhudi za zama zile. Aidha sinema ya wakati ule, kama iliyo nyingi ya leo, ilikuwa ikiuza tamaa. Lililokatazwa ni kupoteza mali, wakati na haya. Lau mwanga unaopita katika kioo ungekuwa haramu kwa nafsi yake, Jumuiya isingeanzisha televisheni yake, MTA, mwaka 1994. Kisu ni kile kile. Mmoja hukata mkate, mwingine hukata mkono. Lakini anayempa mtoto kisu hana budi kumwonyesha pia mpini.

Sifa ni ya nani?

Sasa nafika kwenye swali la tatu, ambalo ndilo lililonichoma zaidi: mbona tulifurahi?

Nimejichunguza, na nimeona kuwa furaha yangu ya mwaka 2017 ilikuwa na sehemu mbili, moja safi na moja yenye kasoro. Sehemu safi ilikuwa furaha ya watu waliodharauliwa. Siku ile, balozi wa Pakistan katika Umoja wa Mataifa alitoa pongezi zake kwa mwigizaji Mwislamu wa kwanza kushinda, kisha alipokumbushwa kwamba mtu huyo ni Muahmadiyya, akazifuta. Katiba ya nchi ile ilibadilishwa mwaka 1974, mwaka ule ule aliozaliwa Mahershala Ali, ili kutamka kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Nasi hatukusahau habari ya Profesa Abdus Salam, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979: jiwe la kaburi lake huko Rabwah liliandikwa kwamba alikuwa Mwislamu wa kwanza kuipata, na neno "Mwislamu" likafutwa kwa amri ya wenye mamlaka. Anayefutwa jina lake mara nyingi hufurahi analipoona limeandikwa mahali popote, hata kama ni chini ya sanamu ya dhahabu.

Sehemu yenye kasoro ni hii: nilifurahi kana kwamba dunia imetupa cheti. Huu ni mzani wa hatari, ndugu zangu. Ikiwa tuzo yathibitisha ukweli wa dini, basi dini za walioshinda tuzo nyingi zaidi ni za kweli zaidi. Na mzee wetu wa kijijini, aliyesali tahajudi miaka 50 wala jina lake halikuchapishwa popote, ana dini ndogo! Hakuna atakayekubali hilo. Basi tusiutumie mzani tusioweza kuukubali unapogeuzwa.

Na kama twataka kumtazama msanii Muahmadiyya wa Marekani ili tujifunze, yuko mwingine aliyetangulia. Yusef Lateef, mpiga zumari na saksafoni mashuhuri wa muziki wa jazi, alikuwa Muahmadiyya kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 2013. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa amekwisha kupata jina duniani, alitangaza kwamba hatapiga tena muziki mahali panapouzwa pombe. Kila anayejua muziki ule huchezwa wapi, aelewa ni milango mingapi aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaenda kufundisha na kufanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello huko Zaria, Nigeria. Kwangu mimi, kitendo kile chazidi tuzo. Kwani tuzo mtu hupewa na wengine, bali kuacha hutoka kwake.

Mama na mwana

Lakini nisimdhulumu Mahershala Ali kwa kumlinganisha. Jambo lake ninaloliheshimu kuliko yote halikutokea katika filamu. Tarehe 27 Januari, 2017, serikali ya Marekani ilitoa amri ya kuwazuia kuingia nchini watu wa mataifa saba yenye Waislamu wengi. Siku mbili baadaye mwigizaji huyu alisimama kupokea tuzo ya chama cha waigizaji wenzake. Akasema kwamba anayeteswa na kutengwa hujikunja ndani ya nafsi yake. Kisha akaeleza kwamba mama yake ni mchungaji na yeye ni Mwislamu. Kwamba miaka 17 iliyopita alipompigia simu kumjulisha kuwa amesilimu, mama hakurukaruka kwa furaha. Lakini wameweka tofauti zao kando, kila mmoja amemwona mwenzake, na mapenzi yamekua. Tofauti zile, alisema, ni mambo madogo.

Nakiri kuwa nilipolisikia neno lile la mwisho nilikunja uso. Sisi tulioacha nyumba zetu kwa ajili ya Tabligh hatuwezi kusema kwamba imani ni jambo dogo. Lakini baadaye nilikumbuka mafundisho ya Sura Luqman: kwamba wazazi wakikushurutisha kumshirikisha Mungu usiwatii, lakini ukae nao duniani kwa wema. Mwana huyu hakumtii mama katika dini, na hakumwacha katika wema. Ametimiza nusu zote mbili, tena mbele ya dunia nzima, katika wiki ambayo wengi walikuwa wakisema Mwislamu na Mkristo hawawezi kukaa nchi moja. Ni wangapi kati yetu, ambao hatujaigiza hata mara moja, tumevunja nyumba zetu kwa ugomvi wa madhehebu?

Jibu nililompelekea

Basi hivi ndivyo nilivyomwandikia rafiki yangu:

"Ndugu yangu, mwambie kijana kwamba ana haki katika swali lake, na kwamba sisi wazee tulikosea kufurahi bila kupima. Usimwambie kwamba uigizaji wote ni haramu, kwa maana hutaweza kuuthibitisha, na akigundua hivyo hatakuamini katika mengine. Muulize mambo matatu. Je, yuko tayari kukataa sehemu itakayomtaka atende kweli kile ambacho Mungu amekataza, hata kama wenzake watacheka na fedha zitapotea? Je, anaijua saa ya Adhuhuri, na ataisimamia hata mwongozaji akikasirika? Je, siku atakapomkosea mtu kwa kazi yake, ataweza kuinua simu na kuomba radhi? Akijibu ndiyo kwa yote matatu, mwombee, na umtembelee kazini. Akisitasita katika lolote, mwambie asubiri, na asubiri pamoja nawe, si peke yake."

Baada ya majuma matatu jibu lilifika, la mistari michache tu. Kijana alisema ndiyo kwa la pili na la tatu, na kwa lile la kwanza alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Sijui, Baba." Rafiki yangu aliandika kwamba kwa neno hilo moja amempenda mwanawe zaidi, nao wamekubaliana kungoja mwaka mmoja.

Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu wote wenye vipawa, awape haya inayolinda kipawa na ujasiri unaolinda haya. Na atusamehe sisi walimu kwa yale tuliyoyafundisha kwa ulimi na kuyabomoa kwa tabasamu. Amin.